Minna Canth, mjane mwenye duka aliyeishitaki sheria jukwaani

Swali: Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa fasihi wa shule ya sekondari, ametuandikia: "Nimesoma kwamba Ufini hupandisha bendera ya taifa siku aliyozaliwa mwandishi mmoja mwanamke, Minna Canth. Mwalimu mwenzangu anasema huyo mama alimwiga Ibsen tu, na kwamba kazi zake zimepitwa na wakati. Naomba unieleze alikuwa nani hasa, aliwezaje kuandika huku analea watoto saba, na kama ipo kazi yake inayofaa kuigizwa na wanafunzi wangu wa kidato cha tano."

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa barua yako. Hoja ya mwenzako kuhusu Ibsen, yule mtunzi wa tamthilia wa Norway, nitaifikia, maana ina chembe ya ukweli. Lakini niruhusu nianze na mwaka 1879, kwa kuwa maisha ya Minna Canth yanagawanyika hapo.

Mwaka huo alifiwa na mumewe, Johan Ferdinand Canth, mwalimu wa sayansi katika chuo cha ualimu cha Jyväskylä. Minna alikuwa na miaka 35, ana watoto sita na mimba ya wa saba. Hakuwa na mshahara wala cheti cha kumpatia kazi. Ufini wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, ila katika mambo ya ndoa na mali mahakama zake ziliendelea kufuata sheria ya Uswidi ya mwaka 1734. Kwa sheria hiyo mwanamke aliyeolewa alikuwa chini ya usimamizi wa mumewe. Mume ndiye aliyeshika mali ya nyumba, pamoja na fedha ambayo mke ameitolea jasho, na ndiye aliyesema kwa niaba ya mke mahakamani. Mjane, yeye, alihesabiwa mtu mzima: aliweza kumiliki, kukopa, kutia saini na kufanya biashara. Kwa maneno mengine, sheria ilimtambua Minna kuwa mtu kamili siku alipomzika mumewe.

Nimeliweka hili mbele kwa sababu wengi humsimulia kama mama mwenye kipaji, jasiri, aliyeumizwa na dhuluma. Ni kweli alikuwa hivyo. Ila wako wanawake wengi wa zama zake waliokuwa hivyo na hatukuwahi kuzisikia sauti zao. Kilichompa Minna Canth uwezo wa kuandika alivyoandika, kwa maoni yangu, ni duka. Aliishi kwa mapato yake mwenyewe, daftari la hesabu lilikuwa lake, na hakuna aliyeweza kumwambia nyamaza, la sivyo watoto wako watalala njaa. Ukizisoma kazi zake kubwa moja baada ya nyingine utaona zinarudi kwenye swali lilelile: fedha ya nyumba iko mkononi mwa nani, na sheria inamlinda nani anapoichukua?

Sasa turudi nyuma. Alizaliwa tarehe 19 Machi 1844 mjini Tampere, akaitwa Ulrika Wilhelmina Johnson. Tampere ulikuwa mji wa viwanda, na kiwanda kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha pamba, Finlayson. Baba yake alifanya kazi humo, na mama yake alikuwa amewahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Baba alikuwa mchapakazi, akapanda ngazi, na mwaka 1853 alikabidhiwa duka la nyuzi la Finlayson katika mji wa Kuopio, mashariki mwa nchi. Familia ikahamia huko. Minna akapelekwa shule za wasichana, akakaa dawati moja na mabinti wa maofisa na matajiri, wakifundishwa kwa Kiswidi.

Kiswidi, kwa sababu Ufini ilitawaliwa na Uswidi kwa karne nyingi hadi mwaka 1809, ilipochukuliwa na Urusi. Watawala walibadilika lakini lugha ya ofisi, chuo kikuu na sebule za wakubwa ilibaki Kiswidi, ilhali wananchi walio wengi walizungumza Kifini. Mwaka 1863 mfalme Alexander II alitoa amri kwamba Kifini kipewe hadhi sawa na Kiswidi katika ofisi ndani ya miaka 20. Mwaka huohuo kilifunguliwa chuo cha ualimu cha Jyväskylä, cha kwanza kufundisha walimu kwa Kifini, na kilipokea wanawake. Mwanzilishi wake alikuwa Uno Cygnaeus. Minna, akiwa na miaka 19, alikuwa katika kundi la wanafunzi wa mwanzo kabisa.

Alikaa miaka miwili tu. Mwaka 1865 aliolewa na mwalimu wake, huyo Canth, na masomo yakaishia hapo. Kati ya mwaka 1866 na 1880 alizaa watoto saba. Miaka hiyo ya mwanzo wa ndoa ndiyo miaka ya njaa kuu nchini Ufini, 1866 hadi 1868, ambapo baridi iliua mazao na watu zaidi ya 100,000 walikufa kwa njaa na maradhi. Waombaji walitembea barabarani kwenye theluji, familia nzimanzima, na hakuna aliyekuwa na macho asiyewaona. Nadhani umaskini tunaoukuta katika vitabu vyake, ule wa uji mwepesi na mtoto asiyeweza kulia kwa udhaifu, hakuuchukua maktabani.

Alianza kuandika kwa mlango wa nyuma. Mumewe alikuwa mhariri wa gazeti la Keski-Suomi, na kuanzia mwaka 1874 Minna alifanya naye kazi humo, akiandika kuhusu elimu ya wasichana na hasa kuhusu pombe. Alikuwa na hasira ya kweli na pombe kali. Aliona nafaka na viazi vikigeuzwa kinywaji katika nchi iliyotoka kuzika watu wa njaa, na aliona mishahara ikiishia kilabuni kabla ya kufika nyumbani. Makala zake ziligusa maslahi ya watu wenye nguvu, na mwaka 1876 mume na mke walilazimika kuondoka gazetini. Mwaka uliofuata gazeti pinzani, Päijänne, likawachukua. Wafini humtaja kama mwanamke wa kwanza kuandikia magazeti kwa Kifini kama kazi. Mwaka 1878 alitoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi, Novelleja ja kertomuksia. Lakini kumbuka lile tukio la mwaka 1876. Mtu mwingine mwenye gazeti lake aliweza kumfungia mdomo. Hakulisahau.

Basi mumewe akafa, na mwaka 1880 Minna akarudi Kuopio na watoto wake kulichukua duka la baba yake, ambalo lilikuwa limebaki kidogo tu lifilisike. Watu wa mji hawakumpa muda mrefu. Alikuwa ametoka kujifungua, mwili na akili vimechoka, na miezi hiyo alipita mahali pa giza ambapo yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alihofia akili zake. Hata hivyo alilishika duka. Aliuza nyuzi na vitambaa, akaongeza bidhaa nyingine za nyumbani, akajifunza kununua kwa bei nzuri na kudai madeni bila kuwafukuza wateja. Ndani ya miaka michache duka lilikuwa linasimama lenyewe na kulisha nyumba nzima.

Uliniuliza aliwezaje kuandika na watoto saba. Jibu si la kimiujiza. Alikuwa na wasaidizi wa nyumbani, ambao duka liliwalipa, na aliandika katika vipande vya muda alivyovipata kati ya mteja na mteja. Nyumba yake, ambayo watu wa Kuopio waliiita Kanttila, ilikuwa wazi jioni. Vijana waandishi walikuja kukaa sebuleni kwake: Juhani Aho, ambaye baadaye akawa mmoja wa watunzi wakubwa wa nathari ya Kifini, na watu wa familia ya Järnefelt, iliyotoa waandishi na wasanii. Walizungumza hadi usiku kuhusu vitabu vilivyofika kwa posta kutoka Denmark, Ufaransa na Uingereza. Alimsoma Georg Brandes, mhakiki wa Kidenishi aliyesema fasihi iweke matatizo ya jamii mezani yajadiliwe. Alimsoma Hippolyte Taine, mhakiki wa Kifaransa. Alimsoma John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyetetea haki za wanawake. Mji mdogo wenye baridi kali, kilomita mamia kutoka Helsinki, ukawa mahali ambapo fikra mpya zilifika mapema kuliko katika sebule nyingi za mji mkuu, kwa sababu mwenye duka alilipia majarida.

Na mchana alikuwa kaunta. Wanawake wanaokuja kununua nyuzi huzungumza. Anayeomba akopeshwe lazima aeleze kwa nini. Mke wa fundi anayehesabu sarafu mara mbili na bado hazitoshi hahitaji kusema mengi. Ninaamini pale ndipo alipowapata watu wake.

Tamthilia yake ya kwanza, Murtovarkaus, ilipanda jukwaani Helsinki mwaka 1882 katika Ukumbi wa Kifini ulioongozwa na Kaarlo Bergbom pamoja na dada yake Emilie. Ni hadithi ya kijijini kuhusu msichana anayesingiziwa wizi, ina vichekesho na mchawi wa kijiji ndani yake, na watazamaji waliipenda. Ya pili, Roinilan talossa ya mwaka 1883, ilifuata njia hiyohiyo. Angeweza kuendelea hivyo maisha yake yote na kupendwa na kila mtu. Lakini mwaka 1885 alileta Työmiehen vaimo, yaani Mke wa Mfanyakazi, na kuanzia hapo nchi iligawanyika kuhusu jina lake.

Pazia linafunguka kwenye harusi. Johanna, mwanamke mchapakazi aliyejinyima miaka mingi na kuweka akiba benki, anaolewa na Risto, kijana mwenye maneno matamu. Wageni wanakula, wanasifia. Hata kabla harusi haijaisha tunaona Risto anavyoinua glasi, na tunamwona Homsantuu, msichana wa Waroma, jamii ndogo iliyobaguliwa kwa karne nyingi huko Ulaya, ambaye Risto alimdanganya kwa ahadi za ndoa kisha akamwacha. Kilichobaki kwenye tamthilia ni hesabu tu. Akiba ya Johanna sasa ni ya mumewe, na mumewe anaitoa benki na kuinywa. Johanna anafuma, anauza nguvu zake kwa siku, na kila anachopata kinaweza kuchukuliwa kihalali na Risto kesho yake. Hapo ndipo ubunifu wa Canth ulipo: mbele ya sheria, fedha hiyo Risto haiibi. Katika tamthilia nzima, mumewe anapobeba fedha ya mkewe kwenda kilabuni, havunji sheria yoyote. Majirani wanamsikitikia Johanna, wanamshauri avumilie, na wale wenye heshima zao wanakuta sababu ya kumlaumu yeye. Rafiki yake Vappu ndiye pekee anayesema wazi kinachoendelea. Johanna anavumilia mpaka anakufa.

Homsantuu havumilii. Anachukua bastola na kumpiga Risto risasi, anamkosa, anakamatwa. Anapopelekwa anawageukia walio hapo na kuwaambia: "Sheria yenu na haki yenu... hizo ndizo nilizopaswa kuzipiga risasi!" Nafasi hiyo iliigizwa na Ida Aalberg, nyota mkubwa wa jukwaa la Kifini wa wakati ule. Unaweza kufikiria ukumbi uliojaa mawakili, wachungaji na wake zao ukiisikia sentensi hiyo.

Kuna masimulizi yanayosema sheria ya mali ya wanandoa ilibadilishwa miezi michache tu baada ya onyesho. Usiwafundishe wanafunzi hivyo. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1889, na ilimpa mke haki ya kusimamia mwenyewe kile alichokipata kwa kazi yake. Usimamizi wa mume juu ya mke haukufutwa kabisa mpaka sheria ya ndoa ya mwaka 1929. Tamthilia haikuandika sheria. Ilichofanya ni kumfanya mbunge ambaye hakuwahi kufikiria jambo hilo ashindwe kusema hakujua. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa ya kutosha bila kuongezewa chumvi.

Sasa nifike kwa mwenzako na Ibsen. Ni kweli kwamba Canth alimsoma Ibsen na kumheshimu sana. Tamthilia ya Ibsen kuhusu Nora, mke anayeondoka na kufunga mlango nyuma yake, ilionyeshwa kwa Kifini Helsinki mapema mwaka 1880, miezi michache tu baada ya kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen, na ilimtikisa kila aliyekuwa anaandika Kaskazini. Lakini linganisha. Nora ni mke wa meneja wa benki. Anapoondoka, tunabaki tukijiuliza kuhusu nafsi yake: je, atajipata? Johanna akiondoka aende wapi? Popote atakapokwenda, ujira wake utamfuata Risto kihalali. Ibsen aliandika kuhusu mwanamke aliyefungwa ndani ya nyumba nzuri. Canth aliandika kuhusu mwanamke ambaye hata kuni za jioni hana uhakika nazo, na akaonyesha kwamba maskini na mwanamke wanapokutana katika mtu mmoja, sheria humbana kutoka pande mbili. Huko si kuiga. Ni kuchukua silaha na kuielekeza mahali ambapo mwenye nayo wa kwanza hakuwa ameangalia.

Tena, mizizi yake mingine ilikuwa nyumbani. Kabla yake alikuwapo Fredrika Runeberg, mke wa mshairi wa taifa J. L. Runeberg, aliyeandika kwa Kiswidi riwaya za kihistoria kama Fru Catharina Boije och hennes döttrar ya mwaka 1858, na humo aliweka wanawake wanaotaka kufikiri na kuchagua wenyewe. Fredrika alifariki mwaka uleule wa 1879. Alikuwa mwandishi makini, lakini aliandika akiwa kivulini mwa mume mashuhuri na katika lugha ya wasomi wachache. Canth alikuwa na mambo mawili ambayo Fredrika hakuwa nayo: Kifini, lugha ambayo mke wa mfanyakazi aliielewa akiisikia jukwaani, na mapato yake mwenyewe.

Mwaka 1886 alitoa riwaya fupi mbili ambazo nazipenda kuliko nyingi za tamthilia zake. Hanna ni hadithi ya msichana mwenye akili ambaye anataka kwenda chuo cha ualimu, na baba anakataa. Fedha ni za kusomesha mtoto wa kiume. Hakuna anayempiga Hanna. Hakuna tukio kubwa. Anazimwa taratibu na watu wanaosema wanampenda, na msomaji anaona jinsi kila "hapana" ndogo inavyokula sehemu ya maisha yake. Nyingine ni Köyhää kansaa, kuhusu familia isiyo na kazi wakati wa baridi. Mama wa nyumba hiyo, Mari, anafiwa na mtoto na akili zake zinavunjika. Canth haandiki kwa machozi hapa. Anaandika kilichopo chumbani, kilichobaki jikoni, nani anapiga hodi na anasema nini, mpaka wazimu wa Mari unakuwa jambo linaloeleweka kabisa.

Alizidi kukaza. Mwaka 1888 ilionyeshwa Kovan onnen lapsia, Watoto wa Bahati Mbaya, kuhusu vibarua wasio na kazi ambao njaa na ugonjwa vinawasukuma kwenye uhalifu. Ilichezwa mara moja tu. Wakuu wa ukumbi waliiondoa, kwa madai kwamba ilikuwa inachochea. Wengi wa waliomgeuka walikuwa watu wa harakati ya kukikuza Kifini, wale waliomshangilia alipoandika kuhusu wanakijiji wapole. Walitaka fasihi ya Kifini, ila si ile inayowaonyesha Wafini wenye njaa wakiwakasirikia Wafini wenye shibe. Ni hapa ninapoona thamani ya duka waziwazi. Mwandishi aliyetegemea ukumbi ule kwa chakula angerekebisha lugha yake. Canth alifungua duka asubuhi kama kawaida, na mwaka uliofuata akaanzisha na A. B. Mäkelä jarida la Vapaita aatteita, Fikra Huru, lililojadili sayansi, dini na hali ya wanawake kwa Kifini. Lilidumu mwaka 1889 hadi 1890.

Mwaka 1889 aliandika pia Kauppa-Lopo. Mhusika mkuu ni mwanamke mchafu, mlevi, mwizi, mbaya wa sura, ambaye mji mzima humkwepa, na moyo wake ni mkubwa kuliko wa mabibi wanaomkwepa. Wapo waandishi wengi waliotetea wanawake kwa kuwafanya wapole na wazuri ili tuwahurumie. Canth alidai huruma yetu bila kulainisha chochote, na kuna mambo machache katika fasihi ya zama zile ninayoyaheshimu kama hilo.

Makasisi walimwita adui wa dini. Hakuwa. Alisoma Injili kwa bidii, na katika miaka yake ya mwisho mafundisho ya mwandishi wa Kirusi Tolstoy yalimvutia. Alichopinga ni mchungaji kumwambia mke aliyepigwa kwamba Mungu anataka anyamaze. Aliandika magazetini mara nyingi kuhusu hili, kwa mantiki kavu, akijibu hoja kwa hoja. Alitaka pia wasichana na wavulana wasome pamoja masomo yaleyale, jambo lililoonekana hatari kwa maadili. Shule ya Kifini ya namna hiyo, yenye kuelekea chuo kikuu, ilifunguliwa Helsinki mwaka 1886 chini ya Lucina Hagman. Jina hilo liweke akilini.

Tamthilia zake za mwisho zinaingia ndani ya nyumba na ndani ya dhamiri. Papin perhe ya mwaka 1891 inamweka mchungaji mkali mbele ya watoto wake waliokua na mawazo yao. Sylvi, ya mwaka 1893, aliiandika kwa Kiswidi kwa ajili ya Ukumbi wa Kiswidi wa Helsinki, kwa kuwa uhusiano wake na ukumbi wa Kifini ulikuwa umeharibika. Ni ya msichana aliyeozwa kwa mlezi wake mzee, anayempenda mwingine na kuishia kumwekea mumewe sumu. Na mwaka 1895 ikaja Anna Liisa.

Hii ndiyo ninayokushauri uichukue. Anna Liisa ni binti wa mkulima mwenye uwezo, anakaribia kuolewa na Johannes, kijana mzuri anayemwamini. Siku hizo anarudi Mikko, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa shambani kwao. Miaka michache nyuma, Anna Liisa akiwa na miaka 15, alipata mimba ya Mikko, akajifungua kwa siri msituni, na kwa hofu akamnyonga kichanga. Mama yake Mikko, Husso, ndiye aliyeuficha mwili. Sasa Mikko anataka Anna Liisa awe wake, la sivyo siri itatoka. Husso naye anasukuma. Kila mtu mwenye kujua siri anaitumia kumfunga kamba. Na msichana huyo, ambaye wote wanadhani wamemshika, anafanya kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitarajia: anasimama mbele ya wageni waliokuja kwenye sherehe yake na anasema mwenyewe alichokifanya.

Msomaji wa juujuu ataona hapo hadithi ya dhambi na toba tu. Waambie wanafunzi wamtazame Mikko mwishoni. Sheria inakuja kumchukua Anna Liisa, na yeye anakwenda akiwa na amani, kwa kuwa hakuna tena anayeweza kumtisha. Mikko, baba wa mtoto, aliyekuwa mkubwa kuliko yeye na aliyemwacha peke yake, hana mashtaka ya kujibu. Canth hamwachii hatia Anna Liisa ipungue hata kidogo, na hapohapo anatuonyesha kwamba mizani ina upande mmoja tu. Kuyashika yote mawili kwa wakati mmoja ni kazi ngumu, na ameiweza.

Alifariki Kuopio tarehe 12 Mei 1897 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 53. Miaka tisa baadaye, mwaka 1906, wanawake wa Ufini walipata haki ya kupiga kura na kugombea, wa kwanza barani Ulaya, na uchaguzi wa mwaka 1907 uliingiza wanawake 19 katika bunge la watu 200. Mmoja wao alikuwa yule Lucina Hagman, ambaye pia ndiye aliyeandika wasifu mkubwa wa kwanza wa Minna Canth. Sanamu zake ziko Kuopio, Tampere na Jyväskylä, miji mitatu ya maisha yake. Bendera uliyoisoma habari zake hupandishwa tarehe 19 Machi tangu mwaka 2007, siku inayoitwa pia siku ya usawa, na hakuna mwanamke aliyepewa siku ya bendera nchini humo kabla yake.

Je, amepitwa na wakati? Kitu kimoja kimepitwa, na ni vizuri ukijue kabla ya kuingia darasani: Homsantuu. Canth alimpa sentensi kali kuliko zote, lakini alimchora kama Waroma walivyochorwa na watu wa nje, moto mtupu, nywele, hasira na wivu, na wasomaji wa leo wana haki ya kulisema hilo. Mengine sioni yaliyopitwa. Waulize wanafunzi wako ni nani nyumbani mwao anayetoa fedha benki na ni nani aliyezitafuta, uone kama darasa litakaa kimya.

Kwa upande wa kuigiza, Anna Liisa ina vitendo vitatu, inachezwa katika mazingira ya nyumba ya mkulima, na wahusika wake si wengi, kwa hiyo haitakulazimu kubadilisha jukwaa mara kwa mara. Työmiehen vaimo ni ndefu, ina vitendo vitano na umati wa watu kwenye harusi, na ningeiacha kwa kikundi chenye uzoefu. Anna Liisa inapatikana kwa Kiingereza, na maandishi asilia ya Kifini ya kazi zake nyingi yako bure kwenye intaneti kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha. Somo la kifo cha kichanga ni zito kwa vijana wa umri huo, hivyo zungumza kwanza na mwalimu wa malezi na ushauri wa shule, na msichana atakayechukua nafasi ya Anna Liisa aichukue kwa hiari yake. Nafasi ya Husso nayo mpe mwigizaji wako bora, maana ndiyo ngumu kuliko zote: lazima watazamaji waamini kwamba mama huyu anayemtisha binti wa watu aliwahi pia, usiku ule msituni, kumsaidia kwa kweli.